Mlango wa Kutokea

"Dada, usinichukie," msusi alisema, "lakini shemeji ananitazama mdomo."

Alisema hivyo vidole vikiendelea kusuka, na mteja aliyekaa mbele yake akaacha hata kujikuna ili asikose neno. Dada mtu alikuwa amepita saluni kumrudishia mdogo wake chaja ya simu, basi. Hakuja kutafuta maneno.

"Mdomo gani?"

"Huu hapa, kwani nina mingine? Watu wakizungumza hutazamana machoni. Yeye hapana. Nikifungua kinywa tu, ameshakazia hapa." Akajigusa midomo kwa mgongo wa mkono wenye mafuta. "Juzi pale kwenu nilidhani nina mboga kwenye meno. Nikajifuta. Bado anatazama. Mpaka nikaona haya."

"Labda alikuwa amechoka."

"Macho ya kuchoka nayajua, dada. Yale hayakuwa yamechoka."

Mteja akaguna. Na mguno wa mteja wa saluni ni hukumu isiyo na rufaa.

Huyu dada mtu, ukoo mzima unamwita Mama Panya. Mtoto hajapata bado. Jina limetokana na kazi. Yuko maabara, na kazi yake ni masikio ya panya. Wakwe walipoambiwa kwamba binti aliyesoma miaka yote ile anashinda akichungulia masikio ya panya, walicheka wakashika mbavu, na jina likaganda. Yeye hajali. Mtu akimwita hivyo anaitika "abee" kama kawaida.

Sasa ngoja niieleze hiyo kazi, maana bila hiyo mtamwona mama wa watu kichaa. Ndani ya sikio, la panya au la kwako wewe, kuna seli zenye vinyweleo. Sauti ikifika, vinyweleo vinayumba, milango inafunguka, na kalsiamu inamiminika ndani. Wengi hudhani hapo mambo yamekwisha: kalsiamu imeingia, seli imepata habari, tuonane kesho. Mama Panya huwacheka hao. Yeye huzitia seli zake rangi inayong'aa kalsiamu inapojaa, halafu anaketi kwenye hadubini kungoja mng'ao uzimike. Kuwaka hakumsumbui, kila kitu huwaka. Anachotaka ni kuzimika. Kwenye ngozi ya seli kuna pampu ndogondogo ambazo kazi yake ni kuitoa nje kalsiamu ile, bila kupumzika, ili seli iwe tupu na tayari kwa sauti inayofuata. Pampu zikilegea, seli inabaki inawaka tu. Sauti ya pili inagonga na kukuta nyumba imejaa wageni wa sauti ya kwanza. Seli haijui tena nani kaja lini. Ikienda hivyo kwa muda inachoka, inakufa, na ikifa haizaliwi nyingine.

"Usiniambie kimeingia nini," huwaambia wanafunzi. "Niambie kimetoka lini, na kimetoka kwa kasi gani."

Profesa wake, mzee mmoja ambaye koti lake la maabara halina kifungo hata kimoja, alimfundisha na jambo lingine. Ukiona mng'ao usiozimika, usishangilie. Kwanza shuku rangi. Halafu shuku maji uliyoyachanganya. Halafu shuku hadubini. Halafu shuku panya. Ukishawamaliza wote hao, jishuku mwenyewe. Utaratibu huu ulikaririwa maabara mle mpaka wafagizi wakaujua, na hakuna aliyemfikia Mama Panya kwa kuufuata. Kwa kushuku, yule mama ana kipaji.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye unamwambia mumewe anatazama midomo ya wanawake!

Mume mwenyewe watu wanamwita Mnara. Ni mrefu, mtu wa kuinama kila mlangoni, na kazi yake ni ya juu vilevile: anaendesha kreni kwenye majengo yanayojengwa, ndani ya kibanda cha kioo, watu wa chini wakionekana wadogo kama njugu. Ni mpole. Tangu waoane hajawahi kumnyanyulia mkewe sauti. Zamani, taa ikizimwa, ndipo walipokuwa wakiongea hasa. Alimweleza mji unavyoonekana kutoka juu, nani kaanika nini kwenye paa, na Mama Panya alicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.

Siku hizi taa ikizimwa, naye anazimika. Unamsemesha gizani, kimya. Unamgusa bega, anawasha taa kwanza, anakukodolea, ndipo anauliza, "Ee?" Jamani, mwanamume gani anataka taa ili aongee na mkewe?

Na simu. Mkewe akimpigia, hapokei. Baadaye unakuja ujumbe: "Niandikie." Kwa nini amwandikie? Kuna nani pembeni asiyetakiwa kusikika? Kaka yake akipiga, simu inapokelewa palepale, na wanaongea mpaka chai inapoa. Basi mambo haya, kila moja peke yake ni dogo, mtu mwenye moyo safi angeyapuuza. Lakini maneno ya msusi yalikuwa yameshaingia, na hayakupata pa kutokea.

Mama Panya akaamua kupima. Hapo sasa mke aliondoka, akabaki mtaalamu. Kila alipopata nafasi alimwita mumewe kwa maneno yaleyale, "Mume wangu, chai," mara akiwa jikoni, mara ukumbini, mara amesimama nyuma ya kiti chake. Alizima redio asije akaisingizia. Alifunga bomba. Akaweka akilini lini kaitika na lini kanyamaza, na matokeo yalikuwa safi kuliko yoyote aliyowahi kupata kwa panya: akimtazama usoni, anaitika kila mara, na tabasamu juu. Akimpa mgongo, haitiki kabisa.

"Ala!" akajisemea. "Kumbe mimi ni mke wa mbele tu."

Msije mkasema hakufikiria masikio. Alifikiria. Mtu wa masikio angeachaje? Ila aliyapima kama anavyopima kila kitu, kwa kutafuta cha kulinganisha, na cha kulinganisha kilikuwa shemeji yake. Huyu ni kaka mkubwa wa Mnara, seremala, jitu la kifua kipana na sauti inayotikisa vikombe kabatini. Jioni moja akaja, akasimama nje ya geti, akanguruma, "We Mnara!" Mnara alikuwa ameupa mlango mgongo, anakaza skrubu za kiti. Akaruka. "Naam, kaka!"

Geti lile liko mbali. Jikoni ni hatua chache. Basi masikio ni mazima, Mama Panya akayaachia huru. Umbali ukaachiwa, kelele zikaachiwa, redio ikaachiwa. Aliyebaki kizimbani ni moyo wa mwanamume, na moyo ulionekana una hatia mbichi kabisa.

Kule kazini hali haikuwa nzuri zaidi. Alikuwa na kundi jipya la panya ambao pampu zao ni nusu tu, na seli zao ziliwaka na kukataa kuzima. Alikaa pale, jicho kwenye hadubini, na badala ya kuona seli akawa anaona mdomo wa mdogo wake. "Toa basi," aliiambia seli kwa sauti. "Toa, unang'ang'ania nini?" Profesa akainua kichwa, akamtazama kwa muda.

"Kuna tatizo la rangi?"

"Hakuna, Profesa."

"Maji?"

"Nimeshashuku vyote. Viko sawa."

"Vyote?" mzee akauliza, na Mama Panya akasema ndiyo, vyote, kwa ukali kidogo ambao haukumstahili mzee wa watu.

Siku mbili tatu zikapita, msusi akapiga simu. Hakusalimia.

"Njoo Jumatano mchana. Usiniulize, wewe njoo."

Saluni ile inatazamana na jengo la ofisi ndogondogo: wakili mmoja, fundi meno, watu wa bima. Ghorofa ya kwanza kuna chumba chenye dirisha kubwa lisilo na pazia. Jumatano mchana Mama Panya alisimama nyuma ya mlango wa saluni, kati ya mashine ya kukaushia nywele na ndoo ya maji machafu, akatazama juu, ng'ambo ya barabara. Mumewe, ambaye asubuhi alisema wamemwongezea zamu, alikuwa ameketi mle ndani. Mbele yake alikaa binti, mzuri, wala tusimnyime haki yake. Magoti yao yalikaribia kugusana. Binti alikuwa anasema kitu polepole, midomo ikifunguka na kufunga kwa madaha, na Mnara ameikazia macho kwa uroho, kama mtu anayetaka kuila. Kisha binti akaweka karatasi mbele ya mdomo wake, akaiondoa, na wote wawili wakaangua kicheko.

Kicheko ndicho kilichomuua. Mengine yote angeweza kuyabishia, ila hicho hakukisikia nyumbani kwake tangu lini sijui. Alikuwa amesahau kwamba mumewe akicheka hushika goti.

"Panda, dada," mdogo wake alimsukuma. "Panda ukamvue nguo za heshima huyo!"

Hakupanda. Jioni Mnara aliporudi alimngoja mlangoni, akamtazama uso kwa uso, akamuuliza, "Ulikuwa wapi leo?"

"Kazini," Mnara akasema. "Zamu ilikuwa ndefu."

Uongo mweupe pee, bila hata kupepesa! Mama Panya alikwenda chumbani, akateremsha sanduku kutoka juu ya kabati, akaanza kukunja nguo zake. Alilia kwa kwikwi, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, naye mumewe alikuwa hapo sebuleni amempa mgongo na hakugeuka. Mpaka leo, akiikumbuka jioni ile, anasema hajawahi kumchukia mtu hivyo. Na alimpenda vilevile, hiyo ndiyo taabu. Angekuwa hampendi angelala.

Akampigia shangazi.

Shangazi huyu, dada wa baba yake, ndiye aliyesimamia ndoa, na ndoa aliyoisimamia yeye haivunjiki kwenye simu. Aliamuru kikao Jumamosi alasiri, na kaka wa mume awepo. "Tutamuuliza mbele ya watu," alisema. "Akikana, tutamwonyesha shahidi. Akikiri au akinyamaza, wewe na sanduku lako mnaondoka nami. Hulali tena humo." Mama Panya akaitikia. Nyumba yake yote sasa ilitegemea jibu moja la mwanamume mmoja.

Jumamosi ikafika. Shangazi alikaa kwenye kochi la pembeni, kushoto kwa Mnara. Msusi alikaa karibu na mlango, tayari kutoa ushahidi kabla hajaulizwa. Seremala alijaa kwenye kiti kilichokuwa kimekazwa skrubu juzijuzi. Mnara mwenyewe alidhani ni wageni tu wamekuja. Alihangaika kuwawekea chai, akiwatazama mmoja mmoja mdomoni, huyu akisema anahamia kwa huyu, huyu akidakia anarudi kwa yule, na Mama Panya alisimama karibu na meza ya chakula akawaza: hata leo! Hata mbele ya shangazi!

Sasa shangazi ana desturi yake. Jambo la aibu halisemi wazi. Hujifunika mdomo kwa upindo wa mtandio, akainamisha kichwa, ndipo akalisema. Na sauti yake, Mungu amsamehe, ni nyembamba kama filimbi. Akajifunika. Akainama.

"Mwanangu," akasema, "tumekuja kwa jambo zito. Una mwanamke mwingine?"

Mnara alikuwa anakoroga chai yake. Akaendelea kukoroga.

Kijiko kikazunguka kikombeni, kikazunguka tena, akakitoa, akakiweka pembeni kwa adabu, akanywa.

"Mnaona?" msusi akanong'ona. "Mnaona dharau?"

"Kimya ni jibu," shangazi akasema. "Basi. Limekwisha. Mwanangu, kalete sanduku lako."

Seremala alikuwa ameinama mikono kichwani kwa fedheha ya mdogo wake. Akanguruma, "We! Husikii unaulizwa na mkweo?"

Mnara akageuka upesi. "Naam, kaka? Ah, nisamehe, shangazi, nilikuwa mbali." Akamgeukia shangazi na tabasamu lake lote.

Shangazi akajifunika tena, machozi yakimlenga. "Nimekuuliza, una mwanamke mwingine?"

Mnara akamtazama. Akatafuta kitu kwenye uso ule nusu uliofunikwa na mtandio, hakukipata, na tabasamu likabaki pale pale. "Tunamshukuru Mungu, shangazi," akasema kwa unyenyekevu. "Hatujambo kabisa."

Mtume! Msusi alipiga ukelele. Shangazi alisimama. Seremala naye akasimama, mkono juu, na sijui kama angempiga au la, maana hata yeye hajui.

Mama Panya peke yake hakusogea. Alikuwa amelitazama lile tabasamu, na ghafla halikuwa la mwongo. Lilikuwa la mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua. Akatazama vinywa vya wote waliokuwa wanapayuka. Sauti nzito moja, imejibiwa papo hapo. Sauti nyembamba tatu, hakuna. Kaka getini, anaitika. Mke jikoni, haitiki. Panya wenye pampu nusu hawaamki siku moja wakiwa viziwi. Hupungukiwa kidogokidogo, na zinazotangulia kuondoka ni sauti nyembamba, maana seli zake ndizo zinazokaa mlangoni mwa sikio na ndizo zinazochoka kwanza. Hilo lilikuwa ukutani kwake maabara, yeye mwenyewe ndiye aliyelibandika.

Alikuwa amepima umbali, amepima kelele, amepima redio, na kila mara alipima kwa sauti yake mwenyewe. Hiyo hakuishuku hata mara moja. Nyani haoni kundule!

"Nyamazeni," akasema. "Nyamazeni wote. Shemeji, kaa chini."

Akazunguka mpaka nyuma ya kiti cha mumewe. Akamwita kwa sauti yake ya kila siku, ile aliyozaliwa nayo: "Mume wangu." Mnara alikuwa anamtazama kaka yake kwa wasiwasi. Hakugeuka. Akamwita tena, kwa nguvu zaidi. Shangazi alishtuka, Mnara hakushtuka.

Ndipo Mama Panya akakohoa, akaishusha sauti yake chini, chini, mpaka ikawa inatoka kifuani kama ya mwanamume mzee, akasema tena, "Mume wangu."

Mnara akageuka.

Hakuna aliyecheka, ingawa ilikuwa sauti ya kuchekesha. Mnara alimtazama mkewe aliyesimama pale na machozi yakimtiririka, kisha akawatazama wengine, na akaelewa kwamba siri imetoka. Mabega yake yakashuka.

"Tangu lini?" mkewe akamuuliza kwa ile sauti nzito.

"Sijui. Inaondoka polepole." Alitazama mikono yake. "Ndege waliondoka kwanza. Halafu simu. Halafu ukawa unafungua mdomo na sauti yako haiji. Ya kaka naipata, ya msimamizi naipata. Yako ndiyo niliyoipoteza."

"Na yule binti?"

"Binti gani?" Akamtazama msusi, akamtazama mkewe, na ikachukua muda mpaka akaamini wanachokisema. "Yule ni mwalimu! Ananifundisha kusoma midomo. Kila Jumatano. Mnadhani... loo. Mnadhani hivyo?"

Seremala akaketi kwa kishindo. "Mama yetu naye," akasema, kama anayejisemea, "alizibika masikio akiwa bado kijana. Tulidhani ana kiburi. Baba alimgombeza mpaka siku anakufa."

Mama Panya alisikia hilo na kulipeleka moja kwa moja kule kwenye panya wake. Hakuwa na hakika, na hakusema. Masikio yana njia nyingi za kufa, na miaka mingi ya kelele za injini za kreni si kitu kidogo. Lakini ukoo ule ulikuwa na jambo.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" akauliza. "Mimi! Kazi yangu ni hiyo hiyo!"

"Ndiyo sababu," Mnara akasema. "Ningemwambia mtu mwingine, angenionea huruma basi. Wewe ungenipeleka nikapimwe."

Shangazi wala hakuyangoja hayo. Alishaanza kulia kwa furaha, akimkumbatia Mnara kichwa na kumwomba radhi kwenye sikio ambalo halikumsikia. "Masikio tu!" alikuwa anasema. "Kumbe masikio tu! Tuliandaa msiba wa bure!" Msusi, kwa aibu, akaenda jikoni kuchemsha chai nyingine bila kutumwa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Seremala akaanza kutania kwamba kama angejua, angemkopa mdogo wake pesa kwa sauti nyembamba, kisha adai kwamba alimwomba. Wakacheka. Hata Mnara akacheka, akashika goti. Waliondoka jua likiwa bado linawaka, wakiagana kwa kelele kama watu waliotoka harusini, na sanduku likabaki chumbani limefungwa.

Mama Panya alifunga geti, akarudi. Alifurahi, tusiseme uongo. Kwa muda wa kutoka getini mpaka mlangoni, alifurahi kuliko siku ya ndoa yake. Mwanamke mwingine hayupo. Hajawahi kuwepo. Mume ni wake, nyumba ni yake, leo anakunjua nguo zake.

Kisha akafika mlangoni na furaha ikamwishia miguuni, kwa sababu alikuwa amejiuliza swali lingine. Ni tabia yake, hawezi kuiacha.

Mnara alikuwa anakusanya vikombe. Akamwona, akatabasamu.

"Kule juu," Mama Panya akasema kwa sauti nzito, akihakikisha mdomo wake unaonekana, "mzigo ukiwa hewani, nani anakuelekeza?"

"Mtu wa chini. Kwenye redio." Tabasamu likaanza kupungua. "Wakati mwingine simwoni, jengo linakinga. Ananiambia pandisha, shusha, simama."

"Ni yule mzee wenu?"

"Yule alistaafu." Akaweka vikombe chini. "Sasa wameleta mwingine. Mwezi huu."

"Mwanamume?"

Mnara akainama kuvipanga vikombe upya.

"Ni mwanamke," Mama Panya akasema. "Akikuambia simama, unamsikia?"

Kwenye nyumba ile kulikuwa na ukimya mwingi miezi ile, na wote alikuwa ameutafsiri vibaya. Huu hakuutafsiri vibaya. Mumewe alikuwa amesikia kila neno. Alisimama pale, mrefu, kichwa karibu na taa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba.

"Nakisia," akasema mwishowe. "Namjua anavyofanya kazi. Bado sijakosea."

"Chini ya mzigo huwa kuna watu."

"Najua."

"Wana wake zao."

"Najua, mke wangu. Lakini mimi sina kazi nyingine. Nikishuka kule, mimi ni nani? Usimwambie mtu. Mwaka huu tu, jengo liishe. Nakuomba."

Ajabu ya mambo, wakati ule alitamani mwanamke mwingine angekuwepo kweli. Mwanamke mwingine anafukuzika. Unakwenda kwake, unatukana, unarudi na mumeo. Hili halikuwa na mtu wa kumtukana. Alifungua mdomo ili aseme analopaswa kusema, na Mnara, ambaye kwa miezi kadhaa hakuacha kuutazama mdomo wake, akaona neno linavyokuja.

Akafumba macho.

Alisimama pale katikati ya sebule, vikombe vichafu miguuni, macho ameyafumba kwa nguvu kama mtoto anayekataa dawa. Mama Panya akangoja. Hakufumbua. Basi akavuta kiti, akapanda juu yake ili afike, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akaweka mdomo kwenye sikio lake, na kwa sauti ya chini kabisa aliyonayo, sauti iliyomkwaruza koo, akamwambia:

"Jumatatu hupandi."

Na hilo alilisikia.